Kunyonyesha, uji wa lishe na biskuti za kwa Mangi

Siku hizi hoja hii inapata wasemaji wengi: mtoto aliyenyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, akaendelea kunyonya hadi miaka miwili kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, akikua hatavutwa sana na vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Yaani soda, biskuti, krispi, tambi za pakiti, na juisi ambazo tunda lake ni rangi na harufu. Kundi hilo lilianza kuainishwa mwaka 2009 na Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, na si ajabu kwamba tafiti nyingi zinazolihusisha na unyonyeshaji zimetoka Brazil.

Je, hoja hiyo ina mashiko hapa Mwanza? Kwa kiasi.

Nguvu yake kubwa iko kwenye ladha. Anachokula mama hupenya kwenye maziwa yake. Mwaka 2001, huko Marekani, Julie Mennella na wenzake walichapisha jaribio ambalo akina mama walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, hawakukunja uso sana walipopewa uji wenye ladha ya karoti. Basi mama wa Ilemela anayekula mlenda, dagaa na nyanya chungu anamzoesha mwanawe vitu hivyo kabla hajaota jino. Maziwa ya kopo yana ladha ileile asubuhi na jioni, Januari hadi Desemba.

Lakini kuipokea karoti si sawa na kuikataa biskuti. Mtoto huzaliwa anapenda utamu, na maziwa ya mama yenyewe ni matamu. Tena tafiti nyingi za aina hii huangalia tu maisha ya watu yalivyokwenda. Mama mwenye nafasi na msaada wa kunyonyesha mwaka na nusu huenda ndiye pia mwenye nafasi ya kupika. Kilichomkinga mtoto ni ziwa la mama au ni jiko? Belarus walijaribu kuukwepa mtego huo kwa kugawa hospitali kwa bahati nasibu: hospitali 31, watoto zaidi ya 17,000, baadhi ya hospitali zikiwasaidia mama kunyonyesha zaidi kuliko nyingine. Unyonyeshaji ukaongezeka, kuhara kukapungua katika mwaka wa kwanza, lakini watoto walipofika miaka sita na nusu unene uliokithiri haukuwa umepungua. Jaribio hilo halikuhesabu soda wala biskuti, kwa hiyo haliiui hoja. Linatuonya tu tusiitwishe zaidi ya inachoweza kubeba.

Kwetu kuna ugumu mwingine, na huu ndio unaonisumbua zaidi. Tanzania karibu kila mtoto hunyonyeshwa, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 64 kati ya kila 100 walio chini ya miezi sita wakinyonya maziwa ya mama pekee. Maziwa ya kopo ni ghali. Nyumba inayoyamudu ndiyo inayomudu pia juisi za pakiti kwenye friji. Ukiona watoto wa kopo wanakula zaidi vitu vya dukani, huenda umepima mfuko wa baba yao. Na wale wa mitaa ya Igogo au Mabatini walionyonya hadi wakaanza kukimbia, nao kwa Mangi, kwenye duka la mtaani, wanapajua vizuri. Mimi ningetazama zaidi kinachofuata: ule muda wa kulikiza, yaani kumzoesha mtoto vyakula vingine, kuanzia mwezi wa sita.

Hapo lawama humwangukia mama anayenunua uji wa kiwandani. Ana sababu zake. Uji mtupu wa sembe hauna madini ya chuma ya kumtosha mtoto wa miezi saba. Ule wa kiwandani umeongezewa. Mkaa ni bei, na maji ya moto ya chai yanatosha kuukoroga. Hata unga wa lishe wa mtaani, wenye karanga, mahindi na orodha ndefu ya nafaka, si salama kwa sababu tu umesagwa jirani: mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa upande wa pili, mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilionyesha kuwa Cerelac (uji wa watoto wa kampuni ya Nestlé) inayouzwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia imeongezwa sukari, ilhali Uswisi inauzwa bila sukari hiyo. Nestlé ilijitetea kuwa inafuata sheria za nchi husika. Huenda ni kweli, na ulimi wa mtoto hausomi sheria. Ila uji wa nyumbani uliojaa sukari nao unaufundisha ulimi huohuo, ingawa Monteiro hawezi kuuhesabu kwenye kundi lake.

Dagaa wa ziwani waliosafishwa, wakakaushwa na kusagwa, pamoja na viazi lishe vya kuponda, vingemaliza sehemu kubwa ya ubishi huu. Tatizo ni nani atavipika. Mama ameondoka alfajiri kwenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba; mtoto yuko na dada au bibi, na akilia, biskuti ya mia mbili inamnyamazisha. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi wakati kliniki inamwambia anyonyeshe bila kuchanganya miezi sita. Muuza dagaa hana hata hizo 84. Kabla ya kubandika mabango mengine ya kunyonyesha, ningependa manispaa ya Ilemela iweke chumba cha watoto palepale sokoni, chenye kivuli, maji safi na mtu wa kuwakorogea uji.