Seva kuu au nakala kila wilaya?

Git-annex na DataLad ni programu zinazofuatilia matoleo ya mafaili makubwa na nakala zake kwenye kompyuta nyingi. Mojawapo ikitajwa katika ofisi za Dodoma, jibu huja haraka: data ikae kwenye seva moja. Jibu hilo si la kubezwa. Seva moja ina mlango mmoja. Anayeingia anajulikana, aliyeacha kazi anafungiwa. Ila mlango huo unataka mtandao, na faili la GB 6 la picha za droni halitoki wilayani Chemba kwa bando la simu. Linasafiri kwa diski, likiitwa "mwisho_kabisa_3".

Watu huhofia wizi. Kinachoumiza zaidi ni upotevu usio na kelele. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 mkoani Dodoma. Jedwali la CSV (faili la maandishi matupu) lenye mstari mmoja kwa kila mkazi halienei Excel, ambayo ukurasa wake unaishia mstari wa 1,048,576. Onyo linatokea, mtu anabofya, anasahihisha jina la kata moja, anahifadhi. Mistari zaidi ya milioni 2 imekwenda, theluthi mbili ya mkoa, na jina la faili ni lile lile! Kwenye folda ya kawaida ya pamoja, lililokatwa limeshafunika zima.

Git-annex kwenye Windows haimzuii mtu huyo kuhifadhi. Lakini yaliyomo ya awali yanabaki ndani ya `.git`, folda yake iliyofichwa, yakiwa na alama ya SHA-256 inayokokotolewa kutokana na yaliyomo yenyewe, na toleo lililokatwa linapata alama tofauti. Ukiweka `git annex numcopies 2`, yaani idadi ya chini ya nakala, amri ya `drop` (ya kuondoa nakala kwenye kompyuta moja) inakataa kufuta mpaka ithibitishe nakala mbili kwingine. Gharama ya kubakiza yaliyomo ndani ya `.git` ni nafasi: kwenye kompyuta hiyo ya Windows, GB 6 zinakula 12. Tena diski isiwe na mfumo wa mafaili wa FAT32, maana haupokei faili linalozidi GB 4.

Wanaotetea seva wanashinda penye taarifa binafsi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, mtu anaweza kudai taarifa zake zifutwe. Amri ya `git annex whereis` itakuonyesha kuwa nakala iko wilayani Kondoa. Kuifuta kwenye kompyuta iliyozimwa haiwezi.

Basi majina na namba za simu vibaki kwenye seva. Wilayani iende namba ya kubuni kwa kila mtu, si ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na jedwali linalounganisha namba hiyo na majina lisiingie kwenye diski yoyote inayosafiri.