Fundi, kabla hujapiga windo

Jumamosi nilikwenda Uyole kumsalimia shangazi. Nikamkuta barazani, sweta mpaka shingoni, anapiga mistari kwa rula kwenye daftari la kaunta. Daftari la kikoba. Mimi ndiye niliyemshawishi aachane na madaftari ahamie kwenye Eksel. "Utaona raha, shangazi," nilimwambia. Raha ameiona.

Kisa chenyewe hiki hapa. Mwezi wa sita Ofisi ya Microsoft (ndiyo yenye hiyo Eksel) kwenye laptopu yake ilianza kudai leseni. Binamu yangu, aliyekuwa likizo, akaingia mtandaoni kutafuta kraki, kile kiprogramu cha kuvunja leseni. Maelekezo ya kraki, kama kawaida yake, yakasema zima antivirasi kwanza. Akazima. (Mtu akigonga kwako saa nane usiku akasema "fungia mbwa kwanza, nimekuja kukutengenezea kitasa," utamfungulia?) Kikatokea kidirisha kinasema Windows inajisasisha, subirini. Wakasubiri, wakanywa chai. Kumbe nyuma ya kidirisha mafaili yanafungwa moja baada ya jingine. Chai ilipoisha, kila faili lilikuwa limeota mkia wa herufi nne zisizo na maana, na kwenye kila folda kuna ujumbe unaoitwa _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 tunakupunguzia nusu, 490.

Wanakupunguzia! Kama wauza mitumba. Hiyo nusu yenyewe ni zaidi ya shilingi milioni moja, na wanaodaiwa ni akina mama wanaouza viazi.

Ni ile familia ya ransomwea, yaani virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, inayoitwa STOP, au Djvu, inayozunguka tangu 2018. Haihangaiki na mabenki. Chakula chake ni watu kama sisi, wa kraki na vitu vya bure.

Shangazi akapiga picha kioo kwa simu akanitumia. Mimi siku hiyo nilikuwa Makambako, nikaja kuiona usiku. Kufikia usiku laptopu ilikuwa imeshafika kwa fundi Mwanjelwa, imeshapigwa windo (yaani imefutwa na kuwekewa Windows upya), imeshalipiwa elfu ishirini, na D, ile sehemu ya diski ya kuhifadhia mafaili, imejazwa muvi kama zawadi kwa mteja.

Sasa hapa ndipo roho inaponiuma, mnivumilie.

Kuondoa kirusi ni kazi moja, kurudisha mafaili ni kazi nyingine kabisa. Kirusi chenyewe ni rahisi kukitoa, antivirasi nzuri inakisafisha chini ya saa moja. Ila faili lililofungwa linabaki limefungwa hata kirusi kikishakufa, kama mlango ambao mwizi ameufunga kisha akaondoka na ufunguo. Ukilibadilisha jina ukakata ule mkia, hakuna kitu. Na ukiformati, yaani ukiifuta diski, ndio umeubomoa mlango pamoja na nyumba. Fundi wetu anajua dawa moja tu. Laptopu nzito, piga windo. Haitoi sauti, piga windo. Mafaili yamefungwa, piga windo.

Na kirusi hiki kina siri ambayo fundi angeijua kama angetulia dakika kumi. Kikiingia kinatafuta seva ya wenyewe, kompyuta yao ya mtandaoni, kuchukua ufunguo. Kikiupata, huo ni wa mashine yako peke yako, wanao wao, na hapo hata ulie. Kikiikosa seva kinatumia ufunguo wa akiba kilichokuja nao, ambao ni uleule kwa kila aliyepigwa na toleo hilo. Mmoja wao akilipa, akaupata, akauwasilisha kwa wataalamu, wenzake wote wanaweza kufunguliwa bila kutoa senti. Emsisoft, kampuni ya antivirasi, wana programu ya bure kwa kazi hiyo tangu Oktoba 2019. Na unajuaje ni ufunguo upi uliotumika? Mwisho wa ule ujumbe kuna kitambulisho, mlolongo mrefu wa herufi na namba. Ukiishia na t1, ni ule wa akiba.

Saa tatu usiku, chumba cha gesti Makambako, baridi ya Juni mnaijua. Nikaikuza ile picha. t1.

Nikampigia binamu. Eti alikuwa amenunua bando dogo la siku, likakata kraki ilipomaliza kushuka. Bando kuisha, jambo tunalolilaani kila siku, ndilo lililokuwa limemwokoa shangazi. Halafu sisi wenyewe tukamzamisha, kwa malipo ya elfu ishirini.

Haya, nakubali, ufunguo wa toleo lile huenda ulikuwa haujapatikana bado. Pengine tungesubiri miezi. Lakini kusubiri kunagharimu nini? Unayanakili mafaili yaliyofungwa kwenye diski ya nje pamoja na ule ujumbe, unaiweka kabatini, ndipo upige windo lako mpaka uchoke.

Na kuna kingine ambacho hakikuhitaji ufunguo wowote. Kirusi hiki kina haraka, kwa hiyo kwenye kila faili kinaharibu kilobaiti 150 hivi za mwanzo tu. Hesabu za kikoba ni faili dogo, zimekwisha. Wimbo wa MP3 je? Umekatwa kichwa, mwili mzima uko palepale, na zipo programu za kuukarabati. Marehemu mume wa shangazi alikuwa akiimba besi kwenye kwaya, na mazoezi yao alikuwa akiyarekodi mwenyewe. Rekodi zile zilikuwa kwenye D. Juu yake sasa zimelala muvi za mapigano, sehemu ya kwanza mpaka ya saba.

Sikumwambia hilo. Nisingeweza.

Najua mtasema fundi naye anatafuta riziki, leseni halali ni ghali, na hakuna chuo kilichomfundisha haya. Sawa. Ila mbona hiyo windo mpya ameiaktiveti kwa kraki vilevile, na antivirasi ameizima vilevile, halafu akasema "sasa iko fresh, mama"? Anayeuza dawa ndiye anayeuza ugonjwa. LibreOffice ni ya bure, halali, inafungua Eksel, na hesabu za akina mama thelathini inazimudu bila kutoa jasho.

Basi siku yakikukuta, kata intaneti, chomoa flashi na kila kilichochomekwa. Na usichomeke kingine, maana kirusi hiki kina kengele ya kukiamsha kila baada ya dakika tano, kitakifunga na hicho. Piga picha ujumbe. Nakili mafaili kama nilivyosema, ila safisha kirusi kwanza. Ukitaka kujua umepigwa na nini, ingia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (polisi wa Umoja wa Ulaya) na makampuni ya usalama. Unapakia faili moja lililofungwa wanakwambia kama dawa ipo. Nywila zako badilisha ukiwa kwenye kifaa kingine, kwa sababu Djvu mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba nywila. Kulipa, usilipe, unamlipa mwizi kwa ahadi ya mwizi. Na wale wanaojitangaza kwamba wanafungua kila kitu kwa malipo ya awali, hao ni wezi wa zamu ya pili.

Bakapu mnaijua, ila flashi inayokaa imechomekwa mwaka mzima msiniambie ni bakapu.

Kuhusu kuzima masasisho ili kulinda bando, niseme moja tu: WannaCry, ransomwea nyingine, ya tarehe 12 Mei 2017 ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka chake Machi mwaka uleule. Waliolia ni wale ambao hawakukiweka.

Jumatatu nikapitia Mwanjelwa kwa fundi. Kijana mpole, nilishindwa hata kufoka. Nikamwonyesha ile picha, nikamweleza habari ya t1. Akaitazama sana. "Broo, ungeniambia mapema." Kisha akauliza hiyo programu ya kufungulia inapatikana wapi, maana ana laptopu mbili za wateja zina mikia hivyohivyo, alikuwa azipige windo jioni. Nikamtumia linki palepale.

Akaminya simu, akaminya tena. "Bando limekata," akasema. "Niwashie hotspoti."