Dubwana Mla Chuma Lilitoka Kwenye Pakiti ya Midoli

Ukifuatilia asili ya madubwana ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo wachezaji huigiza mashujaa wanaopita mahandakini na kukabili madubwana, unatarajia kukutana na vitabu vizito: hekaya za Wagiriki, visa vya Waskandinavia, Alfu Lela U Lela. Vyote vimo. Lakini baadhi ya madubwana yanayopendwa zaidi katika mchezo huo yalianzia kwenye pakiti ya midoli ya plastiki ya bei chee, iliyotengenezwa Hong Kong. Nami nasema bila kusita kwamba hayo yanayapita kwa mbali mengi yenye nasaba ya heshima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huo, na wenzake wa Lake Geneva, Wisconsin, walikuwa wakipiganisha vita vya vijisanamu juu ya meza ya mchanga. Dungeons & Dragons yenyewe ilikuwa bado; ilitoka 1974. Vijisanamu vya askari vilipatikana, lakini madubwana yalikuwa haba madukani. Gygax akanunua pakiti ya midoli iliyouzwa kama wanyama wa kale, ingawa hakuna mnyama wa aina ile aliyewahi kukanyaga ardhi hii. Mmoja ulikuwa na mkia kama pangaboi: huo ukawa Rust Monster, mla chuma. Mwingine ukawa Owlbear, nusu bundi nusu dubu. Wa tatu ukawa Bulette, papa wa nchi kavu anayeogelea chini ya udongo. Wawili wa kwanza walichapishwa 1975 katika Greyhawk, kijitabu cha nyongeza cha mchezo huo, na wa tatu katika toleo la kwanza la jarida la The Dragon, 1976. Wanaoijua televisheni ya Japani huona katika midoli hiyo sura za madubwana ya Ultraman, mfululizo ulioanza 1966.

Sasa mweke mla chuma mezani. Kuna mpiganaji aliyehangaika vikao na vikao kukusanya dhahabu, akanunua deraya kamili, akapata na upanga wa kichawi. Joka halimtishi tena. Halafu gizani kinatokea kiumbe kisicho na haja ya kumla mtu. Kimenusa chuma. Kinagusa deraya kwa papasi zake, deraya inageuka kutu palepale, nacho kinaanza kuitafuna ile kutu kwa utulivu. Mwenye nguvu kuliko wote ndiye anayerudi nyuma. Mchawi, na joho lake na fimbo yake ya mti, anasonga mbele bila wasiwasi. Wajanja wanakirushia misumari kishughulike nayo wakati wao wanakimbia. Nimeona meza iliyokuwa imezoea kushinda ikibadilika sauti kwa dakika moja, watu wakinong'onezana nani avue nini.

Mdoli ule haukusema lolote kuhusu kutu. Ulikuwa na umbo tu. Kutu aliileta mtu aliyejua wachezaji wake wanathamini nini, akakipiga hapohapo.

Mchemraba wa jeli, dubwana jingine la mchezo huo, ndio unaonithibitishia zaidi kwamba dubwana halihitaji nasaba. Ramani za mahandaki zilichorwa kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukihesabiwa futi 10. Basi ukabuniwa mchemraba wa futi 10 kila upande, unaojaza njia kutoka ukuta hadi ukuta, angavu kiasi kwamba usipokuwa makini unaona tu mifupa na sarafu zikielea hewani. Unateleza polepole, ukimeza kila kilichomo njiani. Hakuna bibi aliyewahi kusimulia kisa chake jikoni. Umezaliwa na penseli na karatasi, na kila mchezaji anaukumbuka.

Geuka upande wa pili. Pliny Mkubwa, Mroma wa karne ya kwanza, aliandika juu ya mnyama aitwaye catoblepas, akaaye Ethiopia karibu na chemchemi iliyodhaniwa kuwa chanzo cha Nile. Kichwa chake ni kizito na huinama muda wote, na ni heri, kwa maana anayetazamana naye ana kwa ana hufa. Wataalamu wa baadaye wameona nyuma ya maelezo hayo nyumbu wetu, aliyesimuliwa kinywa kwa kinywa hadi Roma. Mnyama huyo yumo katika Monster Manual, kitabu cha madubwana ya mchezo huo cha 1977. Ana ukoo wa karibu miaka elfu mbili, na mezani ananichosha. Ananyanyua kichwa, ukikutana na macho yake, basi tena. Hakuna cha kuamua.

Nyumbu halisi ana tisho kubwa kuliko hilo. Mtu aliyesimama kando ya mto Mara wakati wa kuvuka anajua: maelfu wanasita ukingoni, wanasogea, wanarudi, kisha mmoja anajitosa na wote wanamfuata, juu ya mamba, juu ya wenzao. Kundi lisilo na ugomvi na mtu, lisilozuilika, nawe umo njiani mwake. Hapo mchezaji ana maswali ya kujibu.

Sisemi vitabu vitupwe. Zimwi la mchezo huo liitwalo troll, ambalo vidonda vyake hujifunga na viungo vilivyokatwa hurudi, lilichukuliwa kwenye riwaya ya Poul Anderson ya 1961, na ni zuri sana, kwa sababu linamlazimisha mchezaji agundue kwamba upanga pekee hautoshi, anahitaji moto.

Anayetaka kuandika mchezo wenye viumbe wa kwetu mara nyingi huanza na orodha: jini, zimwi, Popobawa. Jina, picha, idadi ya nguvu, kwisha. Huo ni ukatoblepasi mtupu. Mchukue Popobawa. Mwaka 1995 hofu yake ilianzia Pemba ikaenea hadi Unguja. Familia zilihama vyumba vyao na kulala nje pamoja, macho kodo, moto ukiwaka. Ilisemwa kwamba aliyeshambuliwa lazima awatangazie wengine, akinyamaza atarudiwa. Na mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania ndiye. Visa hivyo ni vya watu kudhulumiwa vitandani mwao, kwa hiyo nisingemleta mezani kabla ya kumuuliza kila mchezaji kama yuko tayari. Nikimleta, nisingempa makucha wala idadi ya nguvu. Ningehesabu subira ya kijiji: kila usiku usio na usingizi inapungua, kila anayeficha yaliyomkuta inapungua zaidi, na ikifika sifuri wanakijiji wanamgeukia mgeni aliyeingia jana, naye mgeni huyo ni mmoja wa wachezaji.