Remington 870 kuukuu ina kesi ya kujibu?

Wawindaji wa ndege Marekani hawaachi kubishana: ununue shotigani ya pampu (bunduki ya marisau ambayo baada ya kila mlio unavuta na kusukuma kishikio), kama Remington 870, iliyokwisha tumika miaka arobaini, hamsini, au uchukue mpya dukani yenye dhamana ya kiwanda?

Wanaotetea mpya wana hoja nzito. Tangu 1991 ni marufuku nchi nzima kuwinda bata kwa marisau ya madini ya risasi, kwa hiyo wengi hutumia ya chuma. Chuma ni kigumu, hakibonyei. Kikipita kwenye mtutu wa zamani uliobanwa sana mdomoni, chaweza kuuvimbisha. Ukiletewa Winchester Model 12, pampu nyingine ya kale, ya kabla ya 1964, hakikisha kwanza haina kitu ndani, vua mtutu, uchungulie kuelekea mwanga. Ukiona kivuli cha duara kimezunguka ukuta wa ndani, mrudishie mwenyewe.

Sasa hoja hiyo imegeuzwa rungu la kupigia kila bunduki kuukuu, na hapo ndipo 870 inapoonewa. Tangu itoke mwaka 1950, mtutu wake huvuliwa kwa mkono: unafungua kifuniko cha bomba la risasi, unauchomoa, unapachika mwingine. Fundi wa nini? Mwaka 1986 Remington ilianza kuuza mitutu yenye mbano wa mdomoni wa kufungua na kubadilisha, kwa hiyo Wingmaster, yaani 870 ya toleo la kifahari, ya enzi za Rais Nixon, mwanzoni mwa miaka ya 1970, inaweza kupewa mdomo unaofaa marisau ya chuma. Bei ya mtutu huo uiweke kwenye hesabu, ndiyo.

Tuitazame basi ndugu yake mdogo, Express, iliyoletwa 1987 ili bei ishuke. Mwili ni ule ule wa chuma kilichochongwa. Kilichopunguzwa ni kazi ya mkono. Wingmaster ilisuguliwa hadi iking'aa. Express ikaachwa na ngozi ya mparuzo. Ingekuwa suala la urembo tu nisingelitaja, lakini mparuzo hushika unyevu na jasho, na kutu haihitaji mwaliko. Baya zaidi ni chemba, yaani sehemu ya mtutu inayokaa risasi. Ikibaki na michirizi ya mashine, ganda la bei rahisi lenye kitako cha chuma hutanuka kwa mlipuko na kung'ang'ania humo. Mwindaji anavuta kishikio, hakiji. Anavuta tena kwa nguvu, na bata wa pili keshavuka mto. Malalamiko ya namna hii yaliiandama Express kwa miaka. Dawa yake ni kuisugua chemba, yaani kumlipa fundi akamilishe kazi ambayo kiwanda kilikwisha kulipwa.

Na dhamana? Remington ilifilisika 2018, ikafilisika tena 2020, ikauzwa vipande vipande. Kiwanda chake cha kale cha Ilion, New York, kilifungwa 2024. Kampuni shindani ya Mossberg, mali ya familia tangu 1919, haina mkasa huo, na pampu yao mpya iitwayo 500 ni ununuzi wa heshima.

Anayetaka risasi zenye urefu wa inchi 3 kwa ajili ya bata bukini asijidanganye, maana Wingmaster nyingi za miaka ya 1970 ziliundwa kwa inchi 2¾, na kubadilisha mtutu peke yake hakuzifanyi zifae risasi ndefu. Huyo achukue hiyo Mossberg, au atafute Wingmaster ya Magnum, yenye herufi M mwishoni mwa namba iliyochongwa ubavuni.