Diski moja ya RAID imekufa, usikimbilie kuchomeka mpya

Ofisi nyingi ndogo hapa Dodoma siku hizi zina seva yenye diski mbili, kampuni za kupima viwanja, mawakili, wahasibu, maabara za mtaani, na fundi aliyewafungia aliwaambia hii ni RAID 1, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, moja ikifa kazi inaendelea. Ni kweli kabisa. Ishu inaanza pale moja inapokufa kweli, maana hapo mafundi wanagawanyika.

Wa kwanza wanasema chomeka mpya sasa hivi isinki, yaani ikopi kila kitu kutoka kwenye iliyobaki. Wana hoja nzito. Diski iliyobaki iko peke yake, na mara nyingi zote mbili zilinunuliwa siku moja duka moja, zimezunguka masaa yale yale, zimekula vumbi lile lile la upepo wa Julai na Agosti, umeme ule ule wa kukatika na kurudi, kwahiyo kilichoiua ya kwanza huenda kiko njiani kwa ya pili. Na ofisi haisimami bwana, mteja wa kiwanja cha Nala anataka ramani yake leo.

Mimi niko upande mwingine, toa data kwanza, ikopi kwenye diski ya tatu ya nje. Sababu ni hii: ukichomeka diski mpya, mdadm, ile programu ya Linux inayoendesha RAID, haijui faili ni nini, inasoma diski nzima mwanzo hadi mwisho hata sehemu tupu. Diski ya TB 4 kwa mwendo wa MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya masaa 7, na kama watu wanaendelea kuifanyia kazi inavuka hapo mbali. Sasa data yenyewe ya ofisi unakuta ni GB 300, kwa mwendo huo ni nusu saa na dakika chache, tuseme faili ndogondogo ziicheleweshe hadi masaa mawili matatu, bado umeichosha kidogo sana. Halafu unachagua cha kuanza, database ya hesabu na michoro ya viwanja mbele, picha za sherehe ya mwisho wa mwaka nyuma. Ukikuta sekta, yaani kipande kidogo cha diski, haisomeki unapoteza faili moja na unaijua ni ipi. Kwenye kusinki kosa hilo hilo linaweza kukwamisha kazi nzima katikati.

Kuna watu wanapenda kutishana na ile namba ya watengenezaji, kosa moja la kusoma kila TB 12.5 hivi zinazosomwa. Kwa diski ya TB 4 siioni kama hoja kubwa, kile ni kiwango cha juu anachokubali mtengenezaji, diski nyingi zinafanya vizuri kuliko hapo. Kitu cha kuangalia ni smartctl, programu inayosoma afya ya diski, kwenye diski iliyobaki, ukiona Current_Pending_Sector (sekta zinazosumbua kusomeka) sio sifuri basi habari ya kusinki kwanza isahau kabisa.

Ila kama una bakapu ya jana usiku na umeshawahi kujaribu kuirudisha ikarudi, wa kwanza wako sahihi, sinki mara moja. Hata anayetumia ZFS, mfumo wa faili unaoendesha RAID wenyewe bila mdadm, hoja yangu inapungua nguvu kwake, maana yenyewe inakopi sehemu zenye data tu.

Kinachoua data zaidi hapa kiukweli ni mikono. Mtu anaona [U_] kwenye /proc/mdstat, faili la Linux linaloonyesha hali ya RAID, yaani diski moja imetoka, anakurupuka anachomoa diski nzima anaacha mbovu, au anakopi jedwali la partisheni (mgawanyo wa diski) kutoka mpya kwenda nzima badala ya kinyume chake. Soma serial namba ya diski kwa smartctl -i, linganisha na stika, ndo uguse. Mpya isiwe ndogo hata kwa sekta chache, itakataliwa, na kama seva inawakia kwenye hizo hizo diski weka na GRUB, programu ya kuwashia Linux, kwenye mpya. Epuka pia diski za SMR, zile zinazoandika data kwa mistari inayopandana, zinachelewesha sana kusinki, mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski zao za Red ni za hivyo.

Ukikosa diski madukani mjini unaagiza Dar, mzigo unakuja na basi, unaupata kesho yake. Hapo katikati uzime au uache ikiwaka? Diski zee zikizimwa zikapoa kuna zinazogoma kuzunguka tena, kwahiyo kopi kwanza ikiwa inawaka, ukishamaliza fungua faili kadhaa uhakikishe zinafunguka, ndo uzime usubiri. Bosi atauliza diski ya tatu ya nje ya nini wakati tulishanunua mbili. Mwambie karani akifuta folda kwa bahati mbaya inafutika kwenye zote mbili sekunde ile ile, na virusi vya kufunga faili navyo vinafunga zote, ya tatu inachomolewa inakaa nyumbani kwa bosi mwenyewe.