Mapigo 140, 140, 140

Chukua patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, iliyojazwa na mwanachuo wa ukunga zamu ya usiku, uisome taratibu. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni hupimwa kila nusu saa, na mtoto mzima hatulii kwenye namba moja: mara 132, mara 144, mara 138. Ukikuta 140, 140, 140 kwa saa nne mfululizo, nukta zimenyooka kama zimepigwa rula, wino uleule, mwandiko haujachoka, kuna kila dalili kwamba karatasi ilijazwa mama akishajifungua.

Kwa maoni yetu, karatasi hiyo inaeleza kama mtu anafaa kupewa leseni ya ukunga kuliko mtihani wowote wa darasani. Kuna makosa ya kutojua na kuna makosa ya tabia, na tunayapima kwa mizani moja. Mtoto wa kilo 12, parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, ni miligramu 180. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, anapewa mililita 7.5. Mwanachuo akiandika 75 kwa kuruka nukta, ni hatari, lakini dawa yake ipo: apewe hesabu kumi nyingine, asiguse dawa bila msimamizi mpaka azipate zote. Anayebuni mapigo ya moyo anajua kupima. Ameamua tu kutopima.

Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo linalosajili, chini ya sheria ya mwaka 2010, ila Baraza halikeshi wodini. Linategemea neno la chuo, chuo kinategemea saini ya inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi. Na saini hizo tunazijua. Wiki ya mwisho wanachuo sita wanapanga foleni na logibuku zao, daftari za kazi walizofanya wodini, inchaji katoka zamu, anasaini kurasa nzima kwa mkupuo. Huku kwetu, iwe Mbeya mjini, Tukuyu au Iringa, kuna na la ziada: huyu ni mtoto wa mwenzako wa kwaya, yule mama yake mlisoma wote. Nani atake kuambiwa kamharibia mtoto wa watu maisha, tena mwaka wa nne, ada imeshalipwa kwa kuuza mpunga?

Ugonjwa huo si wetu peke yetu. Mwaka 2003 Kathleen Duffy, huko Uskoti, alionyesha wauguzi walezi wakiwapitisha wanafunzi waliowatilia shaka, mara nyingi kwa sababu walishtuka wakiwa wamechelewa na hawana maandishi ya kuthibitisha shaka yao. Na huruma hiyo ina gharama. Utafiti wa Papadakis na wenzake, Marekani, 2005, uliwalinganisha madaktari 235 waliochukuliwa hatua na mabaraza yao na wengine 469: waliochukuliwa hatua walikuwa na uwezekano wa mara tatu wa kuwa na rekodi ya mwenendo mbaya tangu chuoni.

Kwa hiyo andika mapema. Kadi moja kwa tukio moja, ndani ya saa 24: tarehe, saa, kilichoonekana, mwanachuo aliambiwa nini, alijibu nini. “Ni mvivu” haifai kitu. Hakuna kamati itakayoifanyia kazi. “Saa 8 usiku, mapigo hayakupimwa tangu saa 6, chati ina namba nne” inajitetea yenyewe. Mwanachuo aisome na kusaini, hata kama anapinga, na pingamizi lake liandikwe palepale. Kikao cha kwanza na mwanachuo kiwe wiki ya pili ya mafunzo wodini, akiwa bado na muda wa kubadilika. Tukio la pili la aina ileile limlete msimamizi mwingine, asiyemjua kwao.

Kabla ya kumhukumu anayechelewa, muulize anakaa wapi na nauli anaitoa wapi. Wapo wanaotembea kutoka mbali alfajiri ya Julai, na baridi ya Mbeya mnaijua. Hilo ni la mshauri wa wanafunzi. Kifafa kinachodhibitiwa kwa dawa nacho si utovu wa maadili, ingawa wapo wanaokiandika hivyo.

Linalobishaniwa zaidi ni kama kadi imfuate mwanachuo wodi inayofuata. Wanaopinga wanasema atafika tayari ana jina baya, na wana hoja. Sisi tungeziacha kadi kwa mratibu wa mafunzo peke yake, inchaji mpya aanze bila kujua, kisha zilinganishwe mwisho wa muhula. Wodi mbili zisizowasiliana zikiandika jambo lilelile, hapo hakuna tena wa kusingizia chuki.