Kipindi kimoja kisimhukumu Hurts

Ubishi wa nani alistahili namba ya kwotabeki, mrusha pasi mkuu katika futiboli ya Kimarekani, pale Chuo Kikuu cha Alabama, Jalen Hurts au Tua Tagovailoa, wengi huumaliza kwa pasi moja. Januari 8, 2018, fainali ya taifa, Atlanta. Alabama wanakwenda mapumziko wakiwa nyuma 13-0 dhidi ya Georgia, kocha Nick Saban anamtoa Hurts na kumwingiza Tua, chipukizi kutoka Hawaii. Muda wa nyongeza Tua anaangushwa, timu inarudi nyuma yadi 16. Jaribio linalofuata mkono wake wa kushoto unaachia mpira, yadi 41, DeVonta Smith anaudaka: Alabama mabingwa, 26-23.

Kumtoa Hurts sibishi. Pasi 3 kati ya 8, yadi 21, kipindi kizima; hata mimi ningemwita benchi. Tua aliona uwanja wote na mpira ulimtoka mapema. Kinachoniuma ni hukumu iliyofuata, eti Hurts alikuwa mkimbiaji tu aliyebebwa na timu nzuri.

Tazama msimu wake wa 2017. Alirusha pasi 255, wapinzani wakanasa 1. Moja, kijana wa miaka 19! Najua mtaniambia: asiyerusha atanaswaje? Kuna ukweli hapo. Mpokeaji wa kwanza akibanwa, Hurts aliukumbatia mpira na kutimua mbio, huku mwenzake wa upande wa pili amebaki peke yake, mikono hewani. Lakini kwa timu yenye ulinzi kama ule wa Alabama, mpira usiopotea ni mtaji. Na nani alimfundisha kuthubutu? Kocha wake wa ushambuliaji alianza kuwa Lane Kiffin, fainali ya Januari 2017 akakabidhiwa Steve Sarkisian, msimu uliofuata Brian Daboll, kisha Mike Locksley. Walimu wanne ndani ya misimu mitatu, na bado katika miwili ya kwanza aliyoanza yeye alishinda mechi 26 na kupoteza 2.

Msimu wa 2018 namba ikawa ya Tua, kwa haki kabisa. Hurts akasugua benchi bila kuhama. Desemba 1, uwanja uleule, Georgia walewale, Alabama nyuma 28-21, Tua akaumia kifundo cha mguu. Hurts akaingia: pasi 7 kati ya 9, pasi ya tachidauni, yaani bao, kwa Jerry Jeudy, kisha akakimbia mwenyewe yadi 15 kufunga la ushindi, 35-28. Wanaosema Saban alipoteza muda kuwabakiza wote wawili waikumbuke robo ile ya mwisho.

Mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Oklahoma kwa kocha Lincoln Riley, ambako aliruhusiwa kurusha. Akarusha pasi 340. Zilizonaswa ziliongezeka, kweli, zikafika 8. Zilizozaa tachidauni zilikuwa 32.